Gauni la Alice

Rangi haina mwenyewe. Ilikuwapo mbinguni na baharini kabla mwanadamu hajajua kufuma. Lakini hutokea rangi ikapewa jina la mtu, na jina hilo likakaa midomoni mwa watu wasiopata kumwona mwenye jina. Ndivyo ilivyokuwa kwa samawati hafifu, yenye kuelekea kijivu, ambayo Wamarekani waliiita buluu ya Alice.

Alice Roosevelt alizaliwa New York tarehe 12 Februari, 1884, na mama yake akafariki siku mbili baadaye. Baba yake, Theodore Roosevelt, alishika urais Septemba 1901, baada ya Rais McKinley kuuawa. Alice alikuwa na umri wa miaka 17. Alikuwa jasiri, mwenye ulimi mkali, na alivuta sigara hadharani. Magazeti hayakuchoka kumwandama. Alichovaa kilitazamwa na kuigwa. Alipoipenda samawati ile, wauza vitambaa waliifanya biashara. Mwaka 1906 aliolewa Ikulu, Washington, na mbunge Nicholas Longworth.

Mitindo, kama mawimbi, hupanda na kushuka. Jina la rangi hii laiti lingezama lisingekumbukwa ila na washonaji. Lililoliokoa ni wimbo. Tarehe 18 Novemba, 1919, mwaka ule ule aliofariki Theodore Roosevelt, ulianza kuchezwa New York mchezo wenye nyimbo uitwao Irene. Humo Edith Day aliimba "Alice Blue Gown", uliotungwa muziki na Harry Tierney na maneno na Joseph McCarthy.

Yafaa tuangalie ni nani aimbaye. Si binti wa rais, bali Irene, msichana maskini wa asili ya Kiayalandi, mfanyakazi wa duka. Akumbuka gauni zuri alilokuwa nalo, akalivaa hata likachakaa. Lau mwimbaji angekuwa tajiri, wimbo ungekuwa majivuno. Kwake yeye ni kumbukumbu ya furaha iliyokwisha. Utajiri uliipa rangi jina, ufukara ukaipa sauti.

Irene ulichezwa mara 675, na mwaka 1973 ukarudishwa jukwaani, Debbie Reynolds akiimba. Alice mwenyewe alikuwa hai bado. Alifariki mwaka 1980, mwenye miaka 96. Alidumu kuliko mtindo alioanzisha, lakini wimbo umedumu kuliko yeye, nao haumsifu aliyeipa rangi jina. Wamkumbuka aliyekuwa na gauni moja tu.