Fedha za Ndizi na Maandishi ya Wamaya: Chimbuko la Mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Tulane

Mwaka 1924 Chuo Kikuu cha Tulane, kilichoko New Orleans nchini Marekani, kilianzisha idara ya utafiti wa Amerika ya Kati, ambayo baadaye ilikuwa taasisi kamili. Ni rahisi kuiona idara hiyo kuwa zao la udadisi wa kitaaluma pekee. Mtazamo huo unaacha chanzo cha fedha. Mfadhili wake, Samuel Zemurray, aliyetoa dola 300,000, alikuwa mfanyabiashara wa ndizi mwenye mashamba Honduras, na mwaka 1911 alikuwa amegharimia uasi uliomfungulia Manuel Bonilla njia ya kurudi madarakani nchini humo. New Orleans ilikuwa bandari ya ndizi hizo. Mji uliopokea matunda ya Amerika ya Kati ndio uliopokea pia maandishi yake.

Maandishi hayo yalitoka hasa kwa William Gates, mkurugenzi wa kwanza, ambaye maktaba yake ilinunuliwa na chuo. Vitabu vya kale vya Wamaya vilikuwa vimekwisha kuangamizwa kwa wingi. Diego de Landa alivichoma hadharani huko Maní mwaka 1562, na vile vichache vilivyosalia havikumfikia Gates. Alichokusanya ni miswada ya lugha za Kimaya iliyoandikwa kwa herufi za Kilatini baada ya uvamizi wa Wahispania, na pale asili isipopatikana, nakala zake za picha. Nakala hizo hazistahili kubezwa: zilimwezesha mtafiti kulinganisha lugha kadhaa akiwa katika chumba kimoja, jambo ambalo Wamaya wenyewe, wenye lugha hizo, hawakuwa na nafasi ya kulifanya.

Hata hivyo, mkusanyo ulioegemea Wamaya ulikuwa na athari zake. Mwaka 1925 Frans Blom na Oliver La Farge waliongoza msafara wa chuo hicho kusini mwa Meksiko. Huko La Venta, jimboni Tabasco, walikuta kichwa kikubwa mno cha jiwe pamoja na sanamu nyingine. Baada ya kusitasita, waliihesabu La Venta kuwa kazi ya Wamaya. Huenda macho yaliyozoea Wamaya hayakuwa na jina jingine la kuipa. Uchunguzi wa baadaye ulithibitisha kwamba La Venta ni ya Waolmeki, na kwamba ilistawi karne nyingi kabla ya miji mikuu ya Wamaya ambayo Blom aliitumia kama kipimo.