Jina Linaloanguka: Ramani ya Simu na Mitaa ya Mji Mkongwe

Shangazi yangu alifariki alfajiri, na maziko yakapangwa baada ya sala ya Adhuhuri. Nilipanda boti ya asubuhi kutoka Dar, nikashuka bandarini Malindi saa tano na nusu. Nyumba yake iko Kajificheni. Kwa anayeijua njia, huo ni mwendo wa robo saa. Mimi niliondoka Unguja nikiwa na miaka saba, na nikaona aibu kuuliza njia ya kwenda kwetu. Nikatoa simu.

Hatua za mwanzo ramani ilinitii. Nilipoingia Kiponda, nyumba zikabanana na kioo kikajaa viraka vya kijivu. Kimoja kikafunguka, kingine kikabaki vilevile. Nukta ya bluu ikavuka ukuta, ikanionesha niko sebuleni kwa watu. Nikasimama, nikangoja. Nikageuza simu, nikazima, nikawasha. Nikapita mlango uleule wa njumu mara tatu. Mara ya tatu mzee mmoja aliyekaa barazani akaniita: "We kijana, mtoto wa nani?"

Nikamtajia baba yangu. "Ah, basi msiba ni wenu! Fuata ujia huu mpaka kona ya Jaws, halafu uliza Kajificheni. Watu utawaona tu."

Nilifika jeneza limeshatoka. Nilikimbia, nikaiwahi sala katika safu ya mwisho, lakini uso wa shangazi sikuuona tena.

Kwa muda mrefu niliilaumu simu yangu ya bei rahisi na bando langu dogo. Baadaye nikaanza kusoma jinsi ramani inavyojichora kiganjani, na kadiri nilivyosoma ndivyo lawama ilivyozidi kuhama. Siku hizi naona kwamba hata simu ya haraka kuliko zote isingenifikisha vizuri zaidi, kwa sababu ya kitu ambacho ramani hizi hukitupa ili ziweze kuwa za haraka.

Tuanze na viraka. Google ilipozindua ramani zake mtandaoni Februari 2005, watu walistaajabu kuona ramani inayoburutika kama kitambaa. Siri yake ilikuwa kuikata dunia vipande vya mraba, tuviite vigae, vilivyokwisha kuchorwa na kuwekwa tayari kwenye kompyuta kubwa. Ukitazama dunia nzima kwa mbali, kigae kimoja kinatosha. Ukisogea hatua moja, vinakuwa vinne, halafu 16, halafu 64. Ukifika hatua ya 18, ambapo ujia wa Mji Mkongwe unaanza kuonekana vizuri, dunia imeshakatwa vigae zaidi ya bilioni 68. Simu huletewa vile vichache tu vilivyo mbele ya macho yako, na kila hatua ya mguu wako inadai vingine. Mtandao ukisuasua, unapata kijivu.

Mwishoni mwa 2010 simu za Android zikaanza kupata ramani za namna nyingine, za vekta. Hapo simu haipokei picha. Inapokea maelezo, kwamba hapa pana mstari, pale pana umbo, na hili ni jina, kisha inachora yenyewe. Mzigo wa mtandao ukapungua sana, lakini kazi ikahamia kwenye simu. Na simu ndogo ikizidiwa hufanya kama mpishi aliyeelemewa na wageni, inapunguza. Mistari yenye kona nyingi hunyooshwa. Vijengo vidogo huachwa. Majina huja mwisho kabisa, na sheria yake ni kali: majina mawili yakigombania nafasi moja, moja linaanguka. Linalobaki ni lile programu inaloliona kuwa muhimu zaidi.

Sasa fikiria sheria hiyo ndani ya Mji Mkongwe, ambako msikiti, duka, hoteli, kisima cha zamani na jina la mtaa vimebanana kwenye hatua ishirini. Nimejaribu mara nyingi kwenye simu yangu. Jina la hoteli linabaki. Jina la mtaa linaanguka.

Haya si mambo mapya, na si dhambi ya simu peke yake. Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza alipima pwani zetu kati ya 1822 na 1826, akiwa na manowari Leven na Barracouta. Ramani za mabaharia wa aina yake hujali kina cha maji kwa pima, miamba, na alama za pwani zinazoonekana kutoka baharini. Mji wenyewe ni ukingo tu wa bahari, na nani anaishi ujia gani si shauri la nahodha. Wakaja wapangaji wa mji: Lanchester mwaka 1923, Kendall mwaka 1958, Wajerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, Wachina mwaka 1982. Kila mmoja alichora mji alioutaka. Kila ramani ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayeamua kipi kiachwe.

Lakini Unguja jina la mahali ni ramani tosha. Forodhani ni pale palipokuwa na forodha. Sokomuhogo ni soko la muhogo. Mkunazini pana mkunazi, au palikuwa nao. Kajificheni ni amri kabisa, nendeni mkajifiche, na kila mzee ana hadithi yake kwa nini. Darajani hakuna daraja leo. Zamani mkono wa bahari uliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa kidogo kidogo, na barabara ikapita juu yake. Maji yamekwenda, daraja limekwenda, lakini majina mawili yamebaki kutushuhudia: Darajani, na Ng'ambo yenyewe. Ng'ambo ya nini, kama hujui palikuwa na maji?

Ndiyo maana msomaji wa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi hapotei. Yasmin anapoukimbia Mji Mkongwe na kujitupa Ng'ambo kwa Mwajuma, hatuhitaji mchoro kujua kwamba amevuka kitu kikubwa kuliko barabara. Na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, katika By the Sea alimpa Saleh Omar, mzee mkimbizi aliye Uingereza, mapenzi makubwa ya ramani. Mtu aliyepoteza nyumba huishikilia karatasi inayoionesha ilipo. Mimi nilikuwa na simu tu, na hata hiyo haikunionesha.

Mwaka 2000 yalitokea mambo mawili. Mwezi Mei Marekani iliacha kuuharibu kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia, na mwezi Desemba UNESCO ikautia Mji Mkongwe katika urithi wa dunia. Tangu hapo tumepimwa kwa kila namna. Kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia walirusha droni juu ya visiwa vyetu, zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Kazi ile ilikuwa na faida kubwa, na raha zaidi ni kwamba vijana wetu wenyewe ndio waliozirusha. Picha zake zikatumiwa kuifundisha kompyuta kutofautisha jengo lililokamilika, lisilokamilika, na lenye msingi tu. Lakini droni huona mabati. Haisikii watu wanavyoliita jengo hilo.

Majina hukusanywa kwa miguu. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatembeza wanafunzi na wenyeji katika kata zinazofurika, Tandale ikiwemo, wakaandika mitaro, njia na majina kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri. Ile ile iko wazi kwetu Unguja.

Basi baada ya arubaini ya shangazi nilirudi kwa yule mzee wa Kiponda. Tulitembea polepole, yeye akitaja, mimi nikiandika. Jina la ujia, jina la kisima, jina la kona lililotokana na duka lililofungwa kabla sijazaliwa. Nikayatia kwenye ramani moja moja. Najua mengi yataendelea kuanguka kwenye kioo, hoteli zikibaki. Lakini ukisogeza vidole, ukaikaribia nyumba vya kutosha, na ukawa na subira, Kajificheni inatokea.

Mzee aliniuliza hiyo simu inachukua muda gani kuonesha njia. Nikamwambia sekunde chache, mtandao ukiwa mzuri. Akacheka. "Mimi nilikuuliza swali moja tu," akasema, "ukafika."

Sikumwambia kwamba nilichelewa.