Filamu ya "Pumzi": Upungufu wa Fedha na Upungufu wa Fikira

Wahakiki wanapoitazama sanaa iliyotengenezwa kwa fedha chache, aghalabu hufanya mojawapo ya mambo mawili: ama huicheka kwa ufukara wake, ama huisamehe kila kosa kwa sababu ya ufukara huo huo. Njia zote mbili ni za mkato, na hazimfai mwalimu. Mwenye kazi ya kufundisha hana budi kutenga kosa lililoletwa na mfuko mtupu na kosa lililoletwa na fikira isiyokamilika. Katika makala haya tutajaribu kuieleza tofauti hiyo kwa kuichunguza Pumzi, filamu fupi ya kubuni ya kisayansi iliyoandikwa na kuongozwa na Wanuri Kahiu wa Kenya, na iliyotolewa mwaka 2009.

Kisa chake kinatokea Afrika Mashariki, miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya kugombea maji. Ardhi imekufa, na watu waliosalia wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa. Maji hugawiwa kwa kipimo. Jasho na mkojo hukusanywa na kusafishwa ili vinywewe tena. Ndoto nazo hukatazwa, na anayeota huamriwa kumeza dawa ya kuzizima. Asha, anayeigizwa na Kudzani Moswela, ni mtunzaji wa makumbusho ya viumbe vilivyotoweka. Siku moja anapelekewa udongo wenye unyevu, usiojulikana umetumwa na nani. Anapanda mbegu ndani yake, nayo inaota. Baraza linapomnyima ruhusa ya kutoka, anatoroka na kuubeba mche wake hadi jangwani.

Filamu ilipigwa Afrika ya Kusini, kwa msaada wa mfuko wa sanaa wa Changamoto, Taasisi ya Goethe, na mpango wa kampuni ya Focus Features wa kusaidia filamu fupi za Kiafrika. Mwaka 2010 ilioneshwa katika tamasha la Sundance huko Marekani. Urefu wake ni dakika 20 hivi, nazo ni chache kwa kuujenga ulimwengu mzima.

Yako mapungufu ambayo kwa haki tunayahesabu kuwa ya mfuko. Mji huo tunauona kwa vyumba vichache tu, na Baraza lenye mamlaka yote linaonekana kwa kitambo kidogo, hata hatujui lilipataje nguvu zake. Hayo si ya kumlaumu mtu. Mwaka 1974 John Carpenter na Dan O'Bannon walitoa Dark Star, filamu iliyoanza kama kazi ya wanafunzi wa chuo kikuu huko California na kugharimu dola 60,000 hivi. Kiumbe wa anga za mbali humo ni mpira wa kuchezea ufukweni uliotiwa kucha. Hata hivyo O'Bannon aliirudia fikira ile ile alipoandika Alien, filamu ya mwaka 1979 iliyowatia watu hofu duniani kote. Fikira ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kilichopungua kilikuwa mavazi yake.

Mapungufu ya fikira ni mambo mengine. La kwanza ni la hesabu. Katika mji wa Asha watu huzalisha umeme kwa kufanya mazoezi juu ya mitambo. Mtu mwenye afya akikanyaga pedali kwa saa moja hutoa wati 100 hivi, na birika moja la umeme hutumia wati 2,000 hivi. Ina maana kwamba watu 20 watatoka jasho ili kuchemsha birika moja. Tena mtu hawezi kufanya kazi bila kula, na filamu haituambii chakula hicho kinalimwa wapi katika nchi isiyo na hata jani. Sentensi moja ingetosha kuliziba pengo hilo, na sentensi haina gharama.

La pili ni zito zaidi. Asha anaupanda mche peke yake, anaumwagilia maji yake ya mwisho na jasho lake, kisha anajilaza kuukinga na jua. Picha hiyo ni nzuri, nayo inagusa moyo. Lakini historia ya Kenya ilikuwa na mfano tofauti. Wangari Maathai, ambaye Kahiu mwenyewe alitengeneza filamu juu ya maisha yake, alianzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, akapata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Harakati hiyo ilisimama juu ya vikundi vya wanawake wenye vitalu vyao, na mwanamke alilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioishi, wala si kwa kila mche uliopandwa. Mti huishi kwa sababu kesho yake yuko mtu wa kurudi na maji. Filamu imemchagua shahidi mmoja ikaacha kikundi, na hapo somo lenyewe limepungua.

La tatu linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili. Jina la filamu ni letu, tena limechaguliwa vizuri: kwenye neno pumzi tunasikia kupumua, na tunasikia kupumzika, neno tunalolitumia pia kwa adabu tunapomtaja marehemu. Asha anayapitia yote mawili. Hata hivyo, jina likishasomwa, sauti za mitambo na maandishi ya vioo ni ya Kiingereza. Lugha yetu imewekwa mlangoni, haikukaribishwa ndani. Hapa fedha haziwezi kutajwa kuwa udhuru, maana mtambo hautozi zaidi kwa kusema Kiswahili. Wala hatuwezi kusema kwamba Kiswahili kingeifungia filamu milango ya ng'ambo. Mwaka 2018 Kahiu alitoa Rafiki, ambayo wahusika wake huzungumza Kiswahili pamoja na Kiingereza, nayo ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha la Cannes.

Kuyataja haya si kuivunjia filamu heshima. Kwa kuthubutu kuwaza Afrika Mashariki ya kesho, Pumzi iliwatangulia wengi. Tunawashauri walimu waitumie darasani hivi: wanafunzi waandike kwa Kiswahili amri ya mtambo inayomkataza Asha kuota, pamoja na majibu ya Baraza kwa ombi lake. Watalazimika kuamua iwapo serikali ya namna hiyo itasema "tafadhali", na iwapo itamwita Asha ndugu, raia, au nambari tu. Huo ni uamuzi ambao filamu haikuufanya.