Uko na Sukari na Homa Imekushika? Soma Hii Kabla Uruke Dawa

Juni hadi Agosti Nairobi huwa baridi mbaya, na kuanzia Dandora hadi Donholm kila ploti iko na mtu anakohoa. Kwa wengi ni dawa ya mafua, blanketi na TV. Kama uko na kisukari, hiyo homa ni story ingine kabisa.

Mtego uko hapa: hujadishi tangu jana, so unaona hakuna haja ya insulini. Inakaa hesabu safi, lakini haiko hivo. Mwili ukipigana na ugonjwa hutoa homoni zinazofanya ini limwage sukari kwa damu, hata tumbo likiwa tupu. Homoni hizo hizo hufanya insulini isishike vile imezoea. Ndio maana unaweza lala njaa na asubuhi mashine ikusomee 18. Wenye aina ya kwanza, wale wanategemea sindano, ndio wako kwa noma zaidi. Bila insulini mwili unaanza kuchoma mafuta na kutoa asidi inaitwa ketoni, na hiyo inaweza kumaliza mtu haraka. Insulini ya muda mrefu haikatwi. Kipimo kinaweza badilika, na mara nyingi kinapanda badala ya kushuka, so pigia kliniki yako mapema.

Vidonge ni mambo tofauti. Metformin inaweza simamishwa kwa muda ukitapika au kuendesha mpaka ukauke. Glibenclamide nayo inaweza angusha sukari vibaya kama hakuna chakula ndani. Usijiamulie, na yule mse wa kemisti si daktari wako.

Pima kila masaa manne, hata usiku. Tunajua vijiti ni doo, lakini hii si wiki ya kubania. Kunywa maji kikombe kila saa, kidogo kidogo, na kama ni ya mtungi, chemsha. Chakula kikikataa, jaribu uji mwepesi au supu.

Soda je? Sukari ikishuka chini ya 4, soda ya kawaida mililita 150, ama vijiko vinne vidogo vya sukari kwa maji, ndio dawa. Pima tena baada ya dakika 15. Soda isiyo na sukari hapo ni bure.

Ukitapika kila kitu kwa masaa manne, sukari ikikwama juu ya 15, ukianza kupumua kwa kasi na kwa kina, au mdomo ukinuka kama matunda yameiva kupita kiasi, tafuta gari saa hiyo hiyo. Enda Mama Lucy Kibaki ama hospitali yoyote iko karibu.

Na kama unaishi solo kwa bedsitter, ambia jirani mapema kwamba uko na sukari na umeweka wapi dawa, juu ukianza kuchanganyikiwa hutaweza kueleza. Akikupata umezima, asikumwagie soda mdomoni, itakukaba. Akulaze kwa ubavu na aitishe usaidizi.