Wasichana wa Simu katika Vita vya Ufaransa

Watu wasomapo habari za vita hutaka kujua nani alimshinda nani, na mji gani ulitwaliwa siku gani. Sisi leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za kazi isiyo na kishindo, ambayo pasipo hiyo hata jemadari hodari hawezi kuongoza askari wake, nayo ni kazi ya kupeleka maneno.

Marekani iliingia katika Vita Kuu mwaka 1917, na majeshi yake yakavuka bahari kwenda Ufaransa. Mkuu wao, Jemadari John Pershing, aliweka makao yake makuu katika mji wa Chaumont, mbali na mahali pa mapigano; basi amri nyingi zilipita katika waya. Siku zile simu haikujiunganisha yenyewe. Mtu alikaa mbele ya ubao wenye matundu mengi, akamsikiliza aitaye, kisha akachomeka uzi katika tundu la yule aliyetakiwa. Askari waliopewa kazi hiyo hawakuiweza vema. Wengi hawakujua Kifaransa, na Wafaransa wa upande wa pili wa waya hawakujua Kiingereza. Husemwa ya kuwa askari alitumia kama dakika nzima kuwaunganisha watu wawili.

Ndipo Pershing, mwezi wa Novemba 1917, alipoomba aletewe wanawake wenye kujua lugha zote mbili. Walioomba kazi walizidi 7,600. Waliokwenda ni 223. Waliapa kiapo cha jeshi, wakavaa sare waliyojinunulia kwa fedha zao wenyewe. Kundi la kwanza, chini ya Grace Banker, lilisafiri Machi 1918. Kazi ya dakika, wao waliimaliza kwa sekunde kumi hivi.

Wala si kazi ya mikono tu. Majina ya miji na vikosi yalifichwa kwa majina mengine, nayo yalibadilishwa mara kwa mara, adui asije akasikia na kufahamu. Yote hayo msichana alipaswa kuyashika kichwani, huku sauti za watu wenye haraka zikimwita kila upande. (Sisi tufundishao watoto twajua ilivyo kujibu watatu kwa wakati mmoja!)

Agosti 1918 Banker na wenzake watano waliitwa Ligny-en-Barrois, kwenye makao ya Jeshi la Kwanza, na tarehe 12 Septemba yakaanza mapigano ya Saint-Mihiel. Baadaye walihamia Souilly, karibu na Verdun, wakakaa katika vibanda vya mbao. Tarehe 30 Oktoba moto ulizuka vibandani. Wasichana hawakuondoka kwenye nyuzi zao mpaka wakubwa walipowatisha kwamba watashtakiwa kwa kutotii amri. Baada ya saa moja hivi walikuwa wamerudi, wakiunganisha kwa zile nyaya zilizosalia.

Vita vilikwisha tarehe 11 Novemba. Banker alipewa nishani kubwa ya jeshi kwa utumishi wake. Lakini wenziwe walipodai haki za askari waliostaafu, waliambiwa, ‘Ninyi hamkuwa askari, mlikuwa vibarua wa mkataba,’ maana sheria ilitaja wanaume tu. Wawili kati yao walikuwa wamekufa kwa maradhi huko huko Ufaransa. Tulipofika hapa tuliwakumbuka wapagazi wa vita ile ile katika Afrika Mashariki yetu, ambao wengi wao mishahara yao haikuwafikia, wala haikuwafikia jamaa zao.

Mmoja wa wasichana wale, Merle Egan, hakukubali. Aliandika barua miaka mingi, akaomba, akakataliwa, akaandika tena. Sheria ya kuwatambua ilitiwa sahihi na Rais Jimmy Carter Novemba 1977, na mwaka 1979 zikatolewa hati za kuachishwa jeshi kwa heshima. Egan alipokea yake akiwa bibi kizee. Waliobaki hai walikuwa wachache mno; Grace Banker alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1960.