Msitu wa Uluguru na Wenyewe

Wageni wengi wafikao Morogoro huikimbilia Mikumi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964, wakatazame tembo na twiga. Mimi huwashauri wapande Uluguru pia. Huko hakuna simba wa kupigwa picha. Kuna ukungu, miti mikubwa, na ndege wasiopatikana kwingine duniani.

Serikali ya Wajerumani iliutenga msitu huo mwaka 1909. Mwaka 1950 Waingereza nao wakaleta mpango wa kuzuia mmomonyoko katika mashamba yaliyo chini ya msitu: Waluguru wachimbe matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa ya shuruti, na ilifukua udongo usio na rutuba. Mwaka 1955 wananchi walikataa, ghasia zikazuka, mpango ukafa.

Nionavyo, Waluguru hawakuwa maadui wa mlima. Walikataa kuamrishwa juu ya ardhi ya koo za mama zao. Tangu mwaka 2008 msitu ni hifadhi ya mazingira asilia, na maji yake hushuka kwa mto Ruvu hadi Dar es Salaam. Ayanywaye akumbuke kwamba chanzoni wapo wenyewe, nao huulizwa kabla ya kuagizwa.