Deni Lisiloandikwa: Kuungana kwa Mashirika ya Ndege na Haki ya Mteja wa Kudumu, kwa Kumtazama Msafiri wa Maretadu

Utangulizi

Shirika moja la ndege linaponunua hisa za jingine, au mawili yanapofanywa kampuni moja, wanasheria na wahasibu huketi kuorodhesha kila chenye thamani: ndege, karakana, mikopo, mikataba ya kukodi, vibali vya njia, jina na nembo. Kila mwenye dai hutafutiwa nafasi. Benki huhakikishiwa kulipwa, wafanyakazi husemewa na chama chao, serikali hudai kodi yake. Abiria aliyelitumia shirika hilo kwa miaka mingi, akaliamini hata lilipochelewa na kulirudia hata lilipopandisha nauli, hana wa kumsemea mezani hapo.

Makala hii inatetea hoja kwamba abiria huyo naye ni mdai. Dai lake lina sehemu mbili. Ya kwanza imeandikwa: tiketi aliyokwisha kuilipia na pointi alizolimbikiza. Ya pili haijaandikwa popote: njia na ratiba ambazo amepangia maisha yake. Historia ya usafiri wa anga Afrika Mashariki inaonyesha kwamba sehemu hii ya pili ndiyo hupotea mapema zaidi, na kwamba anayeumia zaidi ni yule anayeishi mbali na uwanja wa ndege. Ndiyo maana ninaitazama mada hii kutoka Maretadu, kata ya wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, badala ya kuitazama kutoka Dar es Salaam au Nairobi.

Msafiri wa Maretadu

Wilaya ya Mbulu ni nchi ya wakulima na wafugaji, inayojulikana sokoni kwa vitunguu saumu, maharage na mahindi. Ni makosa kudhani kwamba watu wake hawapandi ndege. Mfanyabiashara hufuata bei Dar es Salaam. Mgonjwa aliyepewa rufaa huenda hospitali ya Muhimbili. Mwanafunzi aliyepata ufadhili huondoka kwenda ng'ambo. Watumishi wa umma, wachungaji na mapadri husafiri kikazi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ina kiwanja chake kidogo ambacho kimehudumiwa kwa miaka mingi na ndege za shirika la kimisionari la MAF. Lakini safari ya kawaida ya kibiashara huanzia Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, uliofunguliwa mwaka 1971 kati ya Arusha na Moshi.

Kufika KIA kutoka Maretadu ni safari nyingine kamili. Abiria hupanda basi la alfajiri, hupita Mbulu na Karatu, au huzungukia Babati, kwenye barabara zenye sehemu zisizo na lami, ambazo masika huzigeuza matope. Hufika Arusha jioni, hulala nyumba ya wageni, kesho yake hutafuta usafiri wa uwanjani. Sasa tuseme usiku huo kwenye simu yake unaingia ujumbe mfupi: safari ya saa nne asubuhi imesogezwa mbele siku mbili, kwa sababu ratiba za mashirika mawili yaliyoungana zimeunganishwa. Mkazi wa Arusha mjini atalalamika, kisha atarudi nyumbani kwake. Mtu wa Maretadu atalipia siku mbili zaidi za malazi na chakula, atapoteza miadi ya daktari au mzigo sokoni, na hakuna fomu ya madai yenye nafasi ya kuandika hasara hizo. Kwa shirika, badiliko hilo ni mstari mmoja kwenye kompyuta. Kwake ni fedha ya gunia zima la mazao.

Uaminifu wa mteja wa namna hii hautokani na kadi ya rangi ya dhahabu wala chumba maalumu cha kupumzikia. Unatokana na kujua kwamba siku fulani, saa fulani, ndege ipo, na kwamba ikiharibika yupo mtu kaunta wa kumsikiliza kwa lugha anayoielewa. Tukiupima uaminifu wa mteja kwa pointi peke yake, kama vitabu vingi vya biashara vinavyofanya, tunamwacha nje msafiri huyu ambaye ndiye anayelitegemea shirika zaidi.

Kuungana na kuachana tangu 1946

Ukanda huu una uzoefu mrefu wa jambo hili. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, EAA, liliundwa mwaka 1946 kuhudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Kufikia miaka ya 1960 lilikuwa na ndege za Comet na Super VC10 zilizoruka hadi Ulaya na Asia. Lilipovunjika mwaka 1977, pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe, Kenya ilianzisha Kenya Airways na Tanzania ikaanzisha Shirika la Ndege Tanzania mwaka huohuo. Kwa abiria, mtandao mmoja uligeuka vipande, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa kwa miaka kadhaa. Mzozo wa kugawana mali za Jumuiya ulihusu serikali tatu. Imani ya abiria haikuwa miongoni mwa mali zilizogawanywa.

Desemba 2002 Shirika la Ndege la Afrika Kusini, SAA, lilikubaliana kununua asilimia 49 ya hisa za Shirika la Ndege Tanzania kwa dola milioni 20 za Marekani. Matumaini yalikuwa makubwa: Dar es Salaam ingekuwa kituo kikuu cha safari za ukanda huu. Miaka minne haikupita vizuri kabla ya Serikali ya Tanzania kuzichukua tena hisa hizo mwaka 2006. Shirika lilitoka kwenye ubia huo likiwa dhaifu, na Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ilisitisha kwa muda cheti chake cha uendeshaji. Abiria aliyelishikilia shirika la taifa kwa moyo wa uzalendo alijikuta akibadilishiwa mfumo wa tiketi, ratiba na mabosi mara mbili katika miaka michache, bila kuulizwa mara zote mbili.

Ubia wa Precision Air ulikwenda tofauti. Kampuni hiyo ilianza safari Arusha mwaka 1993 kwa kusafirisha watalii. Mwaka 2003 Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa zake, na baada ya hisa kuuzwa kwa umma mwaka 2011 fungu hilo lilishuka hadi asilimia 41 na kidogo. Kwa abiria wa kaskazini, ubia huo ulileta faida inayoonekana kwa macho: mtu aliweza kupanda KIA, kubadili ndege Nairobi na kuendelea Ulaya kwa tiketi moja, begi lake likifika mwisho wa safari bila kulibeba tena.

Kisha ikaja fastjet. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilijengwa juu ya biashara ya shirika la Fly540 iliyonunuliwa kutoka kampuni ya Lonrho, na Novemba mwaka huo ikaanza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Mwanza kwa nauli za chini sana. Wengi walipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Mwishoni mwa 2018, baada ya umiliki wake nchini kubadilika, TCAA ilitoa notisi ya kusitisha leseni yake kutokana na madeni na upungufu wa ndege. Walioshikilia tiketi za sikukuu za Krismasi ndio waliohangaika kutafuta namna ya kufika kwao.

Mifano hii minne inafundisha jambo moja. Kinachoamua hatima ya mteja wa kudumu ni mahali uamuzi wa njia na ratiba unapofanyiwa baada ya umiliki kubadilika. Kadiri uamuzi unavyosogea mbali na abiria, ndivyo njia yenye abiria wachache inavyokatwa upesi, kwa sababu aliye mbali huiona njia hiyo kama hasara kwenye jedwali, na haoni nani anaitegemea.

Ahadi ni deni

Tuje kwenye sehemu iliyoandikwa. Pointi au maili ni ahadi: safiri nasi leo, tutakupa safari kesho. Wahenga walisema ahadi ni deni, na hapa wahasibu wanakubaliana nao kabisa. Kwa viwango vya kimataifa vya hesabu, thamani ya pointi ambazo hazijatumika huandikwa upande wa madeni ya shirika. Ajabu ni kwamba masharti ya mipango hiyohiyo hulipa shirika uhuru wa kubadilisha thamani ya pointi, kuweka tarehe ya kuisha, hata kuufuta mpango wote, likipenda na wakati likipenda. Ni mkopeshaji gani mwingine angekubali mkopaji ajipangie mwenyewe atalipa kiasi gani?

Abiria wa Kenya Airways wanalijua hili. KLM ya Uholanzi ilinunua asilimia 26 ya shirika hilo mwaka 1996, na baada ya Air France na KLM kuungana mwaka 2004 ukazaliwa mpango wa Flying Blue, ambao abiria wa Kenya Airways waliutumia kwa miaka mingi. Mwaka 2018 mpango huo ulibadilisha hesabu zake, ukatoa maili kwa kuangalia fedha iliyolipwa badala ya umbali uliosafiriwa. Aliyezoea kutafuta nauli nafuu kwenye safari ndefu alipungukiwa kwa uamuzi uliofanyiwa Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 Kenya Airways ilianzisha mpango wake yenyewe, Asante Rewards, na mteja akalazimika kuanza ukurasa mpya. Siulaumu uamuzi huo. Kurudisha mpango nyumbani kunaweza kumsogeza mteja karibu na anayemwamulia. Ninachosema ni kwamba kila mara wabia walipokutana au kuachana, gharama ya mpito ilimwangukia mwenye pointi.

Hoja ya upande wa pili

Wanaotetea kuungana wana hoja nzito. Biashara ya ndege ina faida ndogo, mafuta na ndege hulipiwa kwa dola, na soko la ndani ni jembamba. Shirika dogo lililobaki peke yake mara nyingi hufa, na shirika lililokufa halihudumii mteja yeyote. Ubia wa 1996 uliipa Kenya Airways mtaji na nidhamu ya uendeshaji ambavyo mashirika mengi ya umma barani hayakuwa navyo. Tena, uzalendo pekee si dawa: Agosti 2020 Tanzania ilipozuia ndege za Kenya kwa mzozo wa masharti ya UVIKO-19, abiria wa pande zote mbili walikwama ingawa hapakuwa na shirika lililomezwa na jingine.

Nakubali hayo yote. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba kuungana kunaweza kuwa na faida. Haithibitishi kwamba gharama yake ni haki ibebwe na asiyekuwepo mezani. Kama faida ni kubwa kiasi hicho, basi inatosha kulipia deni la mteja wa zamani. Kama haitoshi, faida hiyo ilitiwa chumvi tangu mwanzo.

Sheria inachokiona na isichokiona

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inaipa Tume ya Ushindani, FCC, mamlaka ya kuchunguza miungano ya kampuni. Swali lake kuu ni kama muungano utaunda au kuimarisha nguvu kubwa ya soko. Ni swali la lazima, ila halitoshi. Muungano unaweza kufaulu mtihani wa ushindani kitaifa, huku njia moja ya Kilimanjaro ikibaki na mwendeshaji mmoja anayepanga ratiba apendavyo. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imejiunga nao, unamlinda abiria wa safari za kimataifa dhidi ya ajali, ucheleweshaji na upotevu wa mizigo. Haugusi pointi wala njia iliyofutwa kwa taratibu za kawaida.

Kwingine wamethubutu kwenda mbele. Septemba 2024 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliruhusu Alaska Airlines kuichukua Hawaiian Airlines kwa masharti ya miaka sita: maili za wateja zilindwe thamani zinapohamishwa, na huduma muhimu kati ya visiwa vya Hawaii zisikatwe. Nako Korea Kusini, ambako Korean Air iliichukua Asiana Desemba 2024, mpango wa kuunganisha maili ulitakiwa kupitiwa na tume ya ushindani. Tazama hasa sharti la Hawaii: wasimamizi walitambua kwamba mkazi wa kisiwani hana basi la kumpeleka kisiwa kingine, kwa hiyo njia yake ikalindwa. Mtu wa Maretadu ana basi, lakini anayeijua safari ya basi kutoka Mbulu hadi Dar es Salaam akiwa na mgonjwa anajua kwamba hiyo si mbadala wa haki.

Hitimisho

Hatuhitaji sheria mpya kuanza. FCC tayari ina majukumu mawili chini ya paa moja, kulinda ushindani na kumlinda mlaji. Na TCAA ina baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga. Vyombo hivi vinaweza kuweka masharti manne kila mashirika yanapoomba kuungana au kuingia ubia. Tiketi zote zilizouzwa ziheshimiwe, au zirudishwe fedha ndani ya muda uliotajwa. Pointi zihamishwe bila kupunguzwa thamani. Njia za mikoani zilizokuwepo siku ya maombi zidumishwe kwa kipindi maalumu, na ratiba isibadilishwe bila taarifa ya siku kadhaa, kwa kuzingatia abiria wanaotoka mbali na uwanja. Na kaunta ya malalamiko yenye watu, yenye kuongea Kiswahili, ibaki katika kila uwanja unaohudumiwa.

Zaidi ya hayo, baraza la watumiaji lisingoje abiria alifuate Dar es Salaam. Kabla ya muungano wowote kuidhinishwa, liende Mbulu, Babati na Haydom, liwaulize watu wanaitumiaje ndege na watapoteza nini njia ikikatwa, kisha majibu yao yaingizwe kwenye jalada la maombi pamoja na taarifa za wahasibu. Deni la mteja wa kudumu litalipwa siku litakapoandikwa, na wajibu wa kuliandika ni wa wasimamizi wetu.